Nani Alipiga Makofi kwa Jina Langu?

Goma, 14 Septemba 1958

Mwanangu Cyprien,

"Jiwe lile lilikaa chini ya ardhi tangu kuumbwa kwa dunia bila kumsaidia mutu yeyote, aliyelitoa ndiye aliyelipa thamani, na sisi wajibu wetu ni kushukuru." Hayo ni maneno yako ya mwezi wa saba. Nimeyanakili neno kwa neno ili usije ukasema nimekusingizia. Nitayarudia sasa hivi, lakini mutu hamrukii mtoto wa kaka yake kabla ya kumwuliza ameamkaje.

Umeamkaje? Sisi tuko. Mama yako Mukabalisa anakusalimu. Rovu lake shingoni halijapungua wala halijaongezeka. Anasema linamzuia kumeza, halimzuii kusema, na mimi ninayeishi ua mmoja naye ni shahidi. Mlima wa moto Nyamulagira unatapika tangu mwezi uliopita. Majivu yamefunika malisho upande wa Sake, ng'ombe wanakula na kukohoa. Maharage yetu ya Lac Vert tuliyavuna kabla, Mungu asifiwe. Mimi bado nakaa barazani na mashine yangu ya kuandika: barua za kodi, kesi za mashamba, maombi ya leseni za baiskeli. Padri aliyenifukuza ualimu amehamishwa. Sikwenda kumuaga.

Sasa maneno yako. Pale Himbi kuna Mzungu aliyefunga pampu ziwani ili kumwagilia maua yake. Kwa hesabu yako, maji ya Kivu hayakuwa na thamani mpaka siku ile pampu ilipoguruma, na mama yako, aliyebeba ndoo tangu utoto, ampigie magoti mwenye pampu amshukuru kwa ziwa. Kutoa kitu mahali si kukimiliki. Mwizi naye hutoa vitu nyumbani mwa watu.

Unaniandikia kwamba mkataba ulitiwa sahihi mwaka wa 1955 kati ya Brussels na Amerika, na kwamba tunda lake ni mtambo wa atomiki unaojengwa huko Léopoldville, wa kwanza katika Afrika nzima. Nimeyasoma. Magazeti ya hoteli hunifikia wiki sita baadaye, mpishi akishafungia samaki nusu yake, lakini hunifikia. Mkataba juu ya uraniyumu, lile jiwe la Kongo, kati ya Brussels na Amerika! Hesabu waliokaa mezani. Mimi nimehesabu mara tatu na sijamwona mwenye jiwe.

Unaomba jina langu liingie katika ile barua ya shukrani ya "wenyeji walioelimika", kwa kuwa nina karte ya evolwe, ile wanayompa mweusi wanayemhesabu kuwa amestaarabika, na kwa kuwa orodha haina mutu wa Kivu. Jibu langu ni hapana. Nitumie kontra yenyewe, huo mkataba. Nikiisha kuisoma nitakuambia kama kuna la kushukuru. Mutu hashukuru chakula kilichofunikwa.

Baba yako mudogo,
Habarurema Damascène


Léopoldville, 9 Novemba 1958

Papa mudogo mpendwa,

Nakusalimu sana, pamoja na mama na majirani wote. Barua yako ilichelewa. Ilikuja ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi mbaya. Mimi mzima, isipokuwa malaria ya wiki moja. Joto la hapa linanichosha. Naota baridi ya Goma asubuhi na uji wa mtama. Mwambie mama blanketi aliyonipa naitumia kama pazia.

Umenicheka kwa pampu na maua. Wewe siku zote unajua kucheka. Lakini hujauona mtambo. Ni kisima kikubwa cha saruji, kuta zake nene kuliko mutu aliyelala. Chini kutakuwa na maji safi kabisa, na ndani ya maji zitasimama nondo zenye uraniyumu. Mimi nimevaa kifuani kipande cha filamu kinachopima kama mwili wangu umepokea kitu. Kila Jumamosi mimi ndiye ninayekusanya filamu za wenzangu na kuzisoma. Mimi, mtoto wa Lac Vert! Miaka mitano iliyopita walikuwa hawaniruhusu hata kuingia na viatu.

Nitakuambia na lile usilolipenda, kwa sababu sikufichi. Nondo zile si zetu. Zinakuja toka Amerika katika masanduku, zinaazimwa. Zikichoka zitarudi kwao, na wakaguzi wao watakuja kuzihesabu. Kontra yenyewe sijaiona. Hapa hakuna mutu mweusi aliyeiona.

Lakini sikiliza hili. Profesa wetu ametueleza kwamba mtambo utatengeneza aina ya iodini. Mgonjwa wa rovu anakunywa tone moja, mashine inasoma shingoni mwake, daktari anajua rovu lile ni la namna gani na lifanywe nini. Nilipomsikia nilimfikiria mutu mmoja tu.

Na kuna nafasi moja ya kwenda Ubelgiji miaka miwili, kujifunza kuendesha mtambo. Tuko watatu tunaoitaka. Wakiona hakuna kitu cha kunirudisha nyuma, watanituma mimi mwezi wa nane. Wewe unataka tukatae moto kwa sababu hatukuuwasha sisi. Mimi nauliza: siku tutakapojitawala, kama hakuna mutu wetu anayejua kufunga na kufungua kisima kile, tutakuwa tumejitawala wapi? Barazani kwako?

Usikasirike. Kuhusu ile orodha, usihangaike nayo tena.

Mtoto wako,
Nsabimana Cyprien


Goma, 20 Desemba 1958

Mwanangu,

Krismasi njema huko kwenye joto. Hapa mvua imeosha majivu, majani yanarudi. Mbuzi wa mama yako amezaa mapacha. Kataliko, yule mfanyabiashara wa Butembo anayelaza lori lake uani kwetu, anakusalimu. Ameleta chumvi, na barua hii ataipeleka Bukavu mwenyewe ili isipitie gundi ya watu.

Barua yako nilimsomea mama yako mbele ya Kataliko. Akanikatiza.

"Soma tena pale pa shingo."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo kuna mashine inayoweza kujua rovu langu, na wewe unagombana nayo?"

"Sigombani na mashine, mama Cyprien. Nagombana na karatasi."

"Karatasi haijanikaba koo miaka kumi na mbili."

Kataliko akacheka mpaka akamwaga chai. "Muzee Damascène, huyu mama angekuwa advoka wa mahakamani, wewe ungekula wapi?"

Basi jua kwamba nyumbani nimeshindwa. Lakini kushindwa na mwanamke mgonjwa si kushindwa na hoja, na hoja yako ni hii: tuazime moto, tujifunze, halafu tutakuwa huru. Acha nikueleze jambo ulilolisikia utotoni ukilala.

Babu yako alihakwa, yaani alijiweka chini ya ulinzi wa shefu, mtawala mmoja wa upande wa Rutshuru. Alipewa ng'ombe. Maziwa yake yeye, samadi yake yeye, madume yake yeye. Lakini ng'ombe mwenyewe na mitamba yake walibaki wa shefu. Siku ya kumpokea alisimama mbele ya watu, akapiga makofi, akaapa kwa jina la yule aliyempa. Angaliwachunga bila kupiga makofi, angalikuwa mchungaji mwenye ujira wake, na kesho angeweza kuondoka. Alipopiga makofi akawa mutu wa mutu. Miaka kumi na tisa alijenga ua wa shefu, alibeba machela yake. Siku shefu alipokasirika kwa neno dogo, alituma vijana wawili wenye fimbo, wakawaswaga wote, hata wale babu yako aliowapata kwa jasho lake, kwa sababu hakuna aliyeweza kuapa yupi ni yupi. Babu yako hakwenda kushtaki. Angeshtaki nini? Alikuwa ameshashukuru.

Sasa niambie tofauti. Nondo zao, wakaguzi wao, kuhesabu kwao, na kwenu maziwa: filamu kifuani na tone la iodini. Tena huyu ni ng'ombe wa ajabu kuliko wa babu yako, kwa maana alizaliwa katika zizi letu! Jiwe limetoka Katanga, likaenda kwao, likarudi katika sanduku likiitwa zawadi. Kule Rwanda wameufuta ubuhake, desturi hiyo hiyo ya kuhakwa, miaka minne iliyopita, kwa karatasi na muhuri. Wameufuta kwa ng'ombe, ninyi mnauanza kwa atomiki.

Nakubali jambo moja, na naliandika kwa shida: mutu wetu anayejua mtambo ni bora kuliko mutu wetu asiyeujua. Jifunze. Chunga ng'ombe wao, pokea ujira, iba ujuzi wote unaoweza kuibwa kwa macho. Usipige makofi.

Umeandika "usihangaike nayo tena". Nahangaika. Ulipokuwa mdogo, kila uliponiambia nisihangaike, nilikuta chungu kimeshavunjika. Nijibu kwa neno moja: jina langu limeingia au halikuingia?

Habarurema


Léopoldville, 27 Januari 1959

Papa mudogo,

Mko wazima? Mimi mzima. Naandika upesi. Umesikia ghasia zilizotokea hapa tarehe nne na siku zilizofuata. Tulilala chini ya meza siku tatu. Maduka yamevunjwa, watu wamekufa, hakuna anayejua wangapi, au anayejua hasemi. Posta ilifungwa. Barua yako ya Desemba imenifikia jana.

Mwambie mama asilie, sikuwa barabarani.

Mfalme ametangaza kwamba uhuru utakuja. Sasa utafurahi. Kazi ya mtambo haikusimama hata siku moja. Risasi zilikuwa zinalia mjini na mafundi wao wanapima maji. Wanasema utawashwa katikati ya mwaka. Habari ya safari yangu ni nzuri, watatu tumebaki wawili.

Nitaandika vizuri zaidi nikipata nafasi.

Cyprien


Goma, 8 Machi 1959

Cyprien,

Mama yako hajambo. Mmoja wa mapacha wa mbuzi amekufa. Salamu zimekwisha.

Uliulizwa neno moja ukaandika ukurasa mzima bila neno lile. Nimelipata kwingine. Jumanne nilinunua sabuni dukani kwa Mgiriki, akaifungia katika gazeti la Léopoldville la Oktoba. Nililikunjua kama ninavyokunjua kila karatasi. Barua ya shukrani ya wenyeji walioelimika, majina arobaini na mawili. La kumi na moja: Habarurema Damascène, mwandishi, Goma, Kivu.

Sikuamini macho yangu, nikaenda kwa Kataliko anisomee. Alisoma, akakunja gazeti polepole, akanirudishia.

Ndipo nikaelewa mengine. Kwa nini mwezi wa kumi na moja Bwana Administrateri, Mzungu mkuu wa wilaya, alisimamisha gari lake njiani, akanipa mkono. "Asante, Damascène. Unaona? Ukitaka, unaweza kuwa mutu wa akili." Nilidhani anazungumzia kodi yangu niliyolipa mapema. Kwa nini vijana wa sokoni wananiita "Muzee Ndiyo". Mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Muzee, bale Bazungu balikupa nini? Ao balikupa tu picha ya ile mashine?" Kwa nini Nyirarukundo, yule mjane wa Lac Vert ambaye shamba lake limekatwa na barabara ya Leta, yaani ya serikali, alikuja kuchukua karatasi zake za kesi. Nilimwuliza kosa langu. Akasema, "Hakuna kosa, muzee. Ni kwamba huwezi kuandika juu ya Leta na kuandika kwa Leta kwa wino mmoja." Mwanamke asiyejua kusoma, mwanangu! Hakuna profesa aliyewahi kunipiga hivyo.

Miaka kumi na saba nimekaa na jambo, na sasa nitaliandika, kwa sababu umenilazimisha.

Mwaka wa 1942 nilikuwa karani wa mwandikishaji wa watu wa kwenda migodi ya Katanga. Walitaka watu thelathini toka upande wetu, tulikuwa na ishirini na tisa. Mzungu alikuwa anaangalia saa. Baba yako Evariste alikuwa malishoni na ng'ombe, Lac Vert. Jina lake lilikuwa limesomwa na hakuwepo kujibu. Nikajibu mimi. Nikasema, "Kaka yangu yuko tayari," nikaweka kidole changu mahali pa kidole chake. Kwetu ndugu anaweza kumjibia ndugu. Na neno lililosemwa na ndugu mbele ya wageni halirudishwi. Kwa hiyo Evariste aliporudi jioni na kuambiwa, alikwenda kutafuta kamba ya kufungia mzigo. Alichimba jiwe miaka mitano. Alikufa kwa kifua. Sisemi ni jiwe lililomuua. Sijui, na wanaojua hawakutuandikia. Walituma blanketi na barua ya mistari miwili.

Mama yako hajui. Sasa unajua wewe.

Unaelewa kwa nini sitaki mutu aseme ndiyo mahali pa mutu mwingine? Nimeliona neno hilo linapokwenda. Andika kwa gazeti useme jina lile si mkono wangu. Sikuombi.

Habarurema Damascène


Léopoldville, 19 Mei 1959

Papa mudogo,

Nakusalimu kwa heshima, na mama. Nimeanza barua hii mara nyingi. Naanza na ndiyo: ni mimi.

Ilikuwa Agosti. Wenye ile barua ya shukrani walitaka mutu wa Kivu kabla ya saa sita, orodha ilikuwa inafungwa. Katibu wao akaniuliza, "Yule baba yako mwenye karte, anakubali?" Barua yangu kwako ilikuwa njiani, jibu lako halikuwepo. Nikajiambia: mtoto wa kaka anaweza kupiga makofi mahali pa baba mudogo asiyekuwepo. Mara ngapi nimepokea pombe ya harusi kwa jina lako, wewe ukiwa na homa? Wale hawakuijua desturi hiyo. Mimi niliijua, na ndiyo niliyoitumia. Hapana yako ilifika mwezi wa kumi, baada ya ndiyo yangu. Nikaogopa, na woga ulipozoea nikauita kazi nyingi.

Sasa na mimi nina neno la kukuambia. Mama anajua juu ya kidole. Baba alimwambia usiku ule ule alipofunga mzigo. Mama aliniambia mwaka nilipoondoka kwenda masomo, akanikataza nisikufunulie. Alisema, "Acha, akijua kwamba najua ataacha kunilimia." Nilicheka wakati ule. Niliposoma barua yako sikucheka. Miaka kumi na saba mnakaa ua mmoja, kila mmoja anamlindia mwenzake siri ile ile.

Umeniuliza kontra. Nimeona kurasa nne; nani alinionyesha sitaandika. Kifaransa chake ni cha wanasheria, lakini nimesoma polepole. Nimetafuta mahali paliposema siku tutakapojitawala itakuwaje, kwamba watatuuliza, kwamba tunaweza kuendelea au kuacha. Labda liko katika kurasa nyingine. Katika hizi nne neno "Kongo" limo mara saba, na kila mara ni mahali jiwe linapotoka. Neno "Wakongo" sikulikuta.

Kwa hiyo nakubali: ulikuwa na haki juu ya karatasi. Na bado sitafuta jina lako. Wamenichagua. Ndege ni tarehe ishirini na mbili Agosti. Nikiandika kwamba nilighushi sahihi, nitabaki hapa kufagia chumba cha mtambo, kama hawatanifunga. Mahali pangu atakwenda mtoto wa mutu anayecheka kila Mzungu akicheka. Na siku kontra itakapofunguliwa mbele ya watu wetu, nani atawaambia maana ya kila namba? Jina lako moja, papa, kwa fundi mmoja. Mimi ningelipa bei hiyo. Nilijaribu kukulipia.

Ukiandika wewe mwenyewe, sitakukana. Wakiniuliza nitasema ni kweli. Lakini mkono wako uwe ndio unaoandika, si wangu.

Cyprien


Goma, 5 Julai 1959

Mwanangu Cyprien,

Salamu kwanza, maana mara iliyopita nilizikata na nilifanya vibaya. Kiangazi kimekuja, ziwa limetulia, vumbi jeusi linaingia hata ndani ya chumvi. Gazeti limesema mtambo umewashwa mwezi uliopita na wakubwa wamepiga makofi. Mbuzi aliyebaki amekua.

Barua yako nilimsomea mama yako yote. Nilipofika pale pa kidole akasema, "Ruka, hapo napajua." Kisha nikamwambia nitaandika, jina langu litoke.

Akaniuliza, "Na mutoto?"

"Hatapanda ndege."

Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alisema, "Damascène, ulimpoteza baba kwa kusema ndiyo. Sasa unampoteza mwana kwa kusema hapana. Wewe, iko neno gani katika kinywa chako ambalo halilipwi na nyumba yangu?"

Kesho yake alihamishia mafiga yake upande wa pili wa ua, na tangu siku ile najipikia.

Kataliko alileta hila ya kibiashara: "Muzee, ngoja. Mutoto apande ndege kwanza. Ikishakuwa juu, piga kelele yako yote. Nani ataisimamisha?" Nililala siku tatu na hila hiyo, na sikufichi kwamba niliipenda. Lakini wakubwa wa vyama vyetu wanaitwa kila wiki kuzungumza juu ya uhuru, na gazeti linasema mikataba yote itakabidhiwa kwa Leta mpya kama ilivyo. Ukiondoka umebebwa na jina lile, jina lile litakuwa kweli. Siku mtakapouliza nani alikubali, watafungua sanduku na kutoa majina yale arobaini na mawili. Hawatahitaji bunduki. Na wewe, mwenye kujua maana ya kila namba, utakaa upande ule wa meza ukiwa umenyamaza, kwa sababu ukifungua mdomo watakuuliza ulifikaje Ubelgiji.

Unasema jina moja kwa fundi mmoja. Ni biashara nzuri, na ningeifanya kama jina lingekuwa langu peke yangu. Lakini hawakulichapa kwa ajili ya Damascène. Walilichapa mahali pa Kivu. Nyirarukundo yumo ndani yake, na mama yako na shingo yake, na hakuna aliyewauliza. Tukitaka mtambo, tuutake kwa mdomo wetu. Huenda tungeukubali! Huenda mama yako angenishinda mbele ya watu wote kama alivyonishinda uani. Ningeshindwa, ningetia sahihi kwa mkono wangu, na tungekuwa tumekubali. Lakini hatukuulizwa, tukashukuru.

Kwa hiyo asubuhi hii nimepeleka posta nakala tatu: moja kwa Bwana Administrateri, moja kwa gazeti, moja ni hii. Ndani ya nakala ya kwanza nimeweka karte yangu ya evolwe. Sikuandika nani aliyetia sahihi. Nimeandika kwamba si mimi. Watakuuliza, na umesema utasema kweli. Najua ninachokufanyia. Ukiacha kuniita baba mudogo, nitakuelewa, na mlango hautafungwa. Chini ni yale niliyowaandikia wenzako katika gazeti. Uyasome kama mmoja wao.

Kwenu ninyi arobaini na mmoja mliobaki katika orodha ile: makarani, manesi, walimu, mafundi, wote mlioshukuru kwa jina la watu wasiowatuma kuwashukuria. Siwaiti wasaliti, wengine wenu mlitafuta nafasi ya mtoto, wengine mliogopa, na wengine hamkuulizwa, kama mimi. Nawataka mambo matatu, na nayataka kabla hamjakwenda kukaa na mutu yeyote kuzungumza uhuru. Kila mmoja aandike kwa gazeti lile lile, kwa jina lake kamili na kazi yake, aseme kama aliisoma kontra au hakuisoma. Wale mnaofanya kazi ndani ya maofisi ilimo, itoeni, ukurasa kwa ukurasa, ifasirieni kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, ipelekeni sokoni na kanisani ikasomwe kwa sauti. Na ninyi mtakaokaa mezani, msitie kalamu chini ya karatasi yoyote ya jiwe lile mpaka iwe na nafasi ya watu wa Kongo kuandika hapana. Mkinijibu kwamba hakuna wakati, nitawajibu kwamba mlipata wakati wa kushukuru. Ya gazeti yameishia hapo. Cyprien, wewe unazijua kurasa nne. Anza nazo.

Habarurema Damascène